Mababu Watatu na Mlango wa Kushoto

Kijiji cha Larrandoi kilikuwa na nyumba thelathini na moja, kanisa moja, na mababu wa kwanza watatu. Vijiji vingine vya Zuberoa, nchi ya Wabaski milimani, vilitosheka na babu mmoja wa kawaida, aliyezaliwa, akachunga kondoo, akafa. Larrandoi hawakuwa watu wa hivyo.

Nyumba ya Etxegapare ilitokana na Tubali, mjukuu wa Nuhu. Huyu Tubali aliteremka kutoka safinani, dunia nzima ikiwa tupu, imeoshwa, inamngoja yeye tu achague. Angeweza kuchagua mahali penye jua. Akachagua mteremko wa mawe chini ya mlima Orhi, ambako hata mbuzi wanashuka kwa kukaa, na mvua ikianza Oktoba inaaga Juni. Kwa nini? Hakuna aliyewahi kuuliza. Kilichojulikana ni kwamba alikuja na Kibaski kilekile alichokisema Adamu bustanini, kimefungwa vizuri kama jibini kwenye kitambaa.

Nyumba ya Jaurgain ilitokana na majitu. Hayo majitu yalikaa huku juu kabla ya gharika, na kazi yao kubwa ilikuwa kurushiana mawe kutoka mlima hadi mlima. Shamba hayakulima, ng'ombe hayakukamua, mawe tu. Ushahidi ni ule mduara wa mawe kule malishoni, na miguu ya Bibi wa Jaurgain, ambayo fundi viatu aliipima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake.

Nyumba ya Barnetx ilitokana na binti mfalme wa Uskoti aliyepitiwa na joka usingizini, akazaa mtoto mweupe kama maziwa. Kusema kweli hadithi hiyo ni ya watu wa pwani, mwendo wa siku nyingi kutoka Larrandoi. Lakini marehemu babu yake Bwana wa Barnetx aliisikia kwenye mnada wa kondoo, ikampendeza, akarudi nayo nyumbani.

Engrazi alikuwa na miaka kumi na saba, na babu wa kwanza hakuwa naye hata mmoja.

Yeye alikuwa binti wa Bettiri seremala, wa zile nyumba nne za bondeni, ng'ambo ya kinu. Watu wa bondeni waliitwa Maagota. Kuhusu walikotoka, kijiji kilijua kila kitu. Walikuwa mabaki ya jeshi la Wagothi lililopigwa zamani. Pia walikuwa Waarabu waliosahauliwa na wenzao wakati wa kukimbia. Pia walikuwa wajukuu wa wakoma. Pia babu yao ndiye aliyechonga msalaba wa Yesu, ndiyo maana wote ni maseremala. Hayo manne uliweza kuyasikia kwa mtu mmoja, mezani, kabla supu haijapoa. Na kwamba ukiwaangalia vizuri utaona hawana ndewe za masikio. Engrazi alikuwa nazo mbili, zina herini, lakini hilo halikumsumbua mtu.

Zamani walikuwa na mlango wao mdogo kanisani, upande wa kushoto, wa kuingia wameinama. Ulishazibwa kwa mawe siku nyingi. Sasa waliingia mlango mkubwa kama watu wote. Waliingia mwisho na kukaa nyuma, lakini mlango ulikuwa mkubwa, na kijiji kilijisifu sana kwa hilo.

Mwaka huo Larrandoi ilikuwa na zamu ya kucheza pastorala. Mchezo wenyewe ni wa siku nzima uwanjani, watu wanaimba maneno badala ya kuyasema, na vijiji vyote vya jirani vinakuja kuangalia nani atakosea. Wavulana wengi walikuwa wamebaki vitani, na waliorudi walikwenda Argentina kuchunga kondoo wa watu wengine. Kwa hiyo ikaamuliwa wacheze wasichana.

Mkutano ulikuwa ukumbini, nyuma ya kanisa. Engrazi alikwenda na baba yake, kwa sababu jukwaa la Larrandoi siku zote hujengwa na watu wa bondeni: mapipa chini, mbao juu, shuka nyeupe nyuma, na milango miwili. Wa kulia ni wa Bluu, ambao ni watu wema. Wa kushoto ni wa Wekundu, ambao ni wabaya. Juu ya mlango wa kushoto hukaa kisanamu cha mbao chenye mikono ya kuvutwa kwa kamba, mungu wa Wekundu, akirusha mikono kila wabaya wanapotamba.

"Mwaka huu," alisema mzee Allande, "tutaimba asili yetu. Sisi Wabaski tulitoka wapi."

Mzee Allande alikuwa mshona viatu vya kamba. Alikuwa ameongoza pastorala kumi na moja, na kila moja ilimwongezea mvi upande mmoja wa kichwa.

"Safi," alisema Bwana wa Etxegapare. "Binti yangu mkubwa atakuwa Tubali. Ndevu ninazo, za mkia wa farasi."

"Tubali wa nini?" Bibi wa Jaurgain aliuliza. "Huyo Tubali wako alipofika, majitu yetu yalishachoka kukaa huku."

"Majitu yenu yalikufa maji, mama. Soma Biblia."

"Yalikuwa marefu!"

"Ngojeni, ngojeni," alisema Bwana wa Barnetx. "Na binti mfalme je?"

"Wewe nyamaza, nyoka wako kaletwa na babu yako kutoka mnadani, tena kwa bei ya kondoo kilema!" Bibi wa Jaurgain alimkatiza.

Ilichukua mikutano mitatu. Mwishowe mzee Allande, kwa amani ya kijiji, aliamua kwamba mababu wote watatu watafika, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja ataimba kwamba yeye ndiye wa kwanza. Mabinti wakubwa wa nyumba hizo tatu watakuwa mababu. Mabinti wadogo watakuwa Mashetani.

Hapo Engrazi aliinua kichwa.

Mtu asiye wa Zuberoa anaweza kudhani kuwa Shetani ni aibu. Haya, adhani. Kwenye pastorala, Mashetani ndio wanaocheza ngoma. Koti jekundu, kengele kiunoni, kifimbo chenye utepe mkononi, na miguu hewani. Mababu wanasimama na kuimba mpaka watu wanasinzia. Shetani akitoka, uwanja mzima unaamka.

Engrazi alizijua hatua zote. Alizijifunza akiwa na miaka minane, chini ya jukwaa. Baba yake alimweka humo, kati ya mapipa, ashike kabari isichomoke. Hakuona kitu siku nzima isipokuwa mbao. Lakini alisikia. Alisikia visigino vikigonga: viwili, kimoja, kimya, halafu kimoja kizito cha kutua. Alijua kile kimya ndicho cha kuruka. Jioni alipotolewa, watu walimuuliza kama amechoka. Alikuwa hajachoka. Alikuwa amejua anataka nini, akakaa nalo miaka tisa bila kumwambia mtu, akicheza karakanani kwenye maranda pale baba alipokwenda kukata mbao.

"Tatizo," alisema mzee Allande, "ni Wekundu. Mababu wanafika. Lazima wampige mtu."

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Nyumba thelathini na moja, na hakuna iliyokuwa na binti mbaya.

"Si wapo hao wa bondeni?" alisema Bibi wa Jaurgain, kwa sauti ya mtu anayegawa keki. "Wana mabinti sita. Na mlango wa kushoto wameshauzoea."

Watu wakacheka, lakini kwa adabu, kwa sababu Bettiri alikuwa palepale na kamba ya kupimia mkononi. Bettiri akaendelea kupima. Alikuwa amepima ukumbi ule mara mbili tayari, na haukuwa umekua.

Basi yule Engrazi, ambaye akinunua mkate alionyesha kwa kidole ili asiongee, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Na Shetani? Mimi naweza kuwa Shetani?"

Safari hii hawakucheka kwa adabu.

"Mwanangu," alisema Bwana wa Etxegapare akifuta macho, "Shetani lazima atoke nyumba ya heshima!"

Na hakuna aliyeona kwamba amesema kichekesho.

* * *

Mazoezi yalianza Februari. Bluu walifanya ukumbini, penye jiko la kuni. Wekundu walifanya karakanani kwa Bettiri, ng'ambo ya mto, kwa sababu ukumbi ulikuwa mdogo. Ukumbi uleule uliwahi kuingiza harusi ya watu mia mbili. Lakini mwaka huo ulikuwa mdogo.

Kwa hiyo Bluu na Wekundu hawakuwahi kuonana hata siku moja kabla ya mchezo. Shikeni hilo.

Mzee Allande alikuja bondeni Machi, amechoka, karatasi zimemjaa mifukoni kote.

"Mzee, sisi tunaimba nini?" Engrazi alimuuliza. Yeye ndiye aliyepewa kuwa mkubwa wa Wekundu, kwa kuwa ndiye mrefu.

"Bado sijaandika, binti yangu. Hao mababu wameniua. Tubali anataka beti arobaini. Joka linataka beti za kwake, na joka halisemi! Nyinyi imbeni chochote. Mnatokea mwanzo, mnasema mistari minne, mnapigana, mnakufa kabla ya chakula cha mchana."

"Chochote?"

"Kifupi tu."

Akakaa juu ya gogo, akavua kofia yake ya bereta, akajikuna. Halafu akasema bila kumwangalia, "Juzi nilipita hapa nje. Ulikuwa peke yako."

Engrazi akawa mwekundu kabla hata ya kuvaa nguo za Wekundu.

"Mguu wako wa kushoto unawahi kutua," mzee Allande alisema. "Kidogo tu. Hao watatu wa kule juu, miguu yao yote inachelewa."

"Basi niweke mimi."

"Nikuweke? Bibi wa Jaurgain atanila mbichi, na mdomo anao." Akainuka, akavaa bereta yake. "Usiniangalie hivyo. Mimi ni mshona viatu."

Alipoondoka, Engrazi alichukua penseli ya baba yake, ile bapa ya seremala, akaandika mistari minne kwenye ubao. Alifikiri, huyu mtu anayetoka mbali akifika mlangoni, na sisi tuko ndani, tutamwambia nini? Akaandika hilohilo. Wenzake watano wakakariri. Bettiri akausoma ubao, akaugeuza, akausoma tena.

"Hii ndiyo mtaimba?"

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu wote?"

"Mzee Allande kasema chochote."

Bettiri akausimamisha ubao ukutani, uso ukiangalia nje, na akarudi kuchonga mikono ya kile kisanamu. Engrazi aliona kuwa mdomo wake umepinda upande mmoja. Kwa Bettiri hicho kilikuwa kicheko kikubwa.

* * *

Siku yenyewe mvua haikunyesha, jambo ambalo kila nyumba ilijitwalia sifa. Watu walikuja kutoka vijiji vyote, na vikapu vya mkate, nyama ya nguruwe iliyokaushwa na chupa za mvinyo. Msafara uliingia na farasi: Bluu mbele, Mashetani nyuma yao wakirusha miguu, halafu, mbali kidogo, ili isionekane wako pamoja, Wekundu kwa miguu.

Mzee Allande alisimama pembeni mwa jukwaa na vibendera vyake. Vibendera hivyo ndivyo sheria: akiinua hiki unaingia, akiinua kile unatoka. Filimbi na ngoma wakakaa juu. Dua ikaimbwa. Halafu kibendera chekundu kikapanda.

Engrazi na wenzake watano wakatoka mlango wa kushoto. Juu yao kisanamu kikarusha mikono. Macho elfu moja na zaidi. Akatazama mbao chini, zile mbao alizozijua kwa jina, ikamsaidia. Akaimba:

"Sisi tuko hapa. Asubuhi tumekamua kondoo,
jibini liko moshini juu, supu iko motoni chini.
Nyinyi mmetoka mbali, viatu vimelowa.
Karibuni basi. Mnamtafuta nani?"

Wakakaa. Wekundu hukaa wakisubiri kupigwa.

Watu wakatazamana. Wekundu wa kawaida hutukana mbingu na kuahidi kuchinja wake na watoto. Hawa walikuwa wanakaribisha watu supu.

Kibendera cha bluu. Kutoka mlango wa kulia akatoka Tubali, ndevu za farasi hadi kiunoni, nyuma yake shuka lililokuwa safina. Akasimama hatua tatu mbele ya wale wasichana sita, akanyoosha mkono, akaimba kwa sauti ambayo baba yake alikuwa ameilisha mayai mabichi miezi mitano:

"Mimi Tubali, mjukuu wa Nuhu, nimefika kwanza!
Nchi hii ni tupu, haijakanyagwa na mtu!"

Akawaona.

Mzee Allande naye, wakati huohuo, aliona. Beti za Tubali aliziandika Januari, kabla mtu hajapatikana wa kupigwa. Rangi ikamtoka usoni, ikashuka, ikaenda sijui wapi.

"Tupu wapi?" ilipiga kelele sauti ya bibi kizee mmoja wa kijiji cha jirani, safu ya pili, mkate mkononi. "Na hao sita ni nini? Maboga?"

Uwanja ukacheka. Tubali, kwa kuwa alifundishwa asisimame hata nyumba ikiungua, akaendelea kuimba kuhusu Adamu na lugha ya bustanini.

"Halafu we Tubali!" bibi yule alikuwa ndiyo kwanza anapata joto. "Wamekuuliza kwa Kibaski, umejibu kwa Kibaski! Umejifunzia wapi? Shetani mwenyewe alikaa miaka saba nyuma ya mlango asikilize Kibaski, akaondoka na maneno mawili, ndiyo na hapana! Wewe umeshuka safinani leo asubuhi!"

"Kafundishwa na punda wa Nuhu!" mtu akajibu kutoka juu ya ukuta.

"Au kafundishwa na hao wenye supu!"

Hilo la mwisho halikuchekesha wote. Kwenye viti vya mbele, Bibi wa Jaurgain alisimama. Alikuwa ameelewa kitu kimoja tu, kwamba Tubali anaanguka, na huu ndio wakati.

"Gaxuxa!" alimwita binti yake nyuma ya shuka. "Toka! Toka sasa hivi! Wewe ulikuwepo kabla ya gharika!"

Jitu likatoka mlango wa kulia bila kibendera, juu ya miti mirefu ya kutembelea, na jiwe la pamba begani. "Mimi ndiye wa kwanza!" likaimba. Bwana wa Barnetx alipoona hivyo naye akapiga mluzi, na binti mfalme wa Uskoti akatoka na joka lake la magunia, akiimba kwamba wa kwanza ni yeye, na huyu mtoto mweupe, ambaye alikuwa mto wa kulalia, ndiye shahidi.

Kwa hiyo mababu watatu wa Wabaski wakakutana, mbele ya Zuberoa yote, kwenye mbao za seremala.

"Shuka huko juu!" Tubali alimwambia Jitu.

"Nishushe!"

Akamshusha. Jiwe la pamba likapasuka. Binti mfalme akapigwa na mti wa kutembelea, akavuta ndevu zilizokuwa karibu, zikatoka zote. "Umeng'oa mkia wa farasi wetu!" akalia Tubali, kidevu wazi. Nyuma ya shuka, Mashetani watatu walisikia dada zao wanalia, wakatupa vifimbo vyao, wakaingia kusaidia, kila mmoja upande wa nyumba yake. Kengele zikawa zinalia ndani ya vumbi. Wazazi wakaanza kupanda.

Mzee Allande akainua kibendera cha Shetani. Ndiyo kanuni: jambo likiharibika jukwaani, Mashetani wacheze, watu wasahau. Filimbi na ngoma, ambao wangepiga hata mwisho wa dunia maadamu kibendera kimepanda, wakaanza.

Hakutoka mtu. Mashetani walikuwa kwenye nywele za wenzao.

Kibendera kikatikisika. Mzee Allande akageuza kichwa upande wa kushoto, kwa wale sita waliokaa bado, wakisubiri kupigwa na watu waliokuwa na kazi nyingine. Kumwita kwa jina hakuthubutu. Mshona viatu hula kwa wateja. Lakini alimwangalia Engrazi, halafu akaangalia mguu wake wa kushoto.

Kifimbo kimoja kilikuwa kimebingirika mpaka kwenye kiatu cha mguu huo.

Engrazi aliwaza mambo mengi. Aliwaza Bibi wa Jaurgain. Aliwaza baba yake, ambaye alikuwa chini ya jukwaa wakati huo huo, ameshika kabari. Aliwaza kwamba akianguka, watasema ni kwa sababu ya wale Wagothi. Kisha akaacha kuwaza, akaokota kifimbo, kwa sababu ngoma ilikuwa inafika pale penye visigino viwili.

Viwili. Kimoja. Kimya.

Hewani kule aliona vitu ambavyo chini ya mbao hakuwahi kuviona: vichwa vya watu, kanisa, mlango uliozibwa, mlima Orhi na theluji yake kidogo. Halafu akatua, mzito, kwenye ubao wa nne, ambao alijua unajibu vizuri kuliko wa tatu. Mguu wa kushoto, safari hii, haukutua mapema. Akarudia. Hakuwa na kengele, kwa hiyo wenzake watano wakapiga makofi kumfuatisha, na baba yake kutoka chini akagonga pipa kwa nyundo.

Ugomvi ukaisha wenyewe. Ni vigumu kung'oa nywele za mtu huku kila mtu anaangalia pengine. Tubali akaachia, Jitu likakaa, na binti mfalme akabaki na ndevu mkononi, mdomo wazi. Engrazi alipomaliza, kulikuwa na kimya kidogo, kile cha kuruka. Halafu uwanja ukapiga yowe ambalo kondoo wa malishoni wanalikumbuka mpaka leo.

"Huyo nani?" bibi wa safu ya pili aliuliza.

"Wa bondeni. Binti seremala."

"Nilijua ni mwenyeji," alisema bibi, akamega mkate.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu pastorala ianze, Wekundu hawakufa. Hakukuwa na mtu mwenye nafasi ya kuwaua.

* * *

Vijiji vya jirani vilicheka majira yote ya kiangazi. Ukienda mnadani, mtu anakuuliza, "Za nchi tupu?" Larrandoi ikavumilia, na polepole, bila mtu kuitisha mkutano, kumbukumbu zikaanza kurudi.

Etxegapare wakakumbuka kwamba Tubali alipofika hakufika na mke. Alioa hapahapa, msichana wa bondeni. Jaurgain wakakumbuka kwamba majitu, pamoja na kurusha mawe, yalikuwa maseremala. Barnetx wakakumbuka kwamba lile joka halikutoka Uskoti, lilikaa mtoni siku zote, chini kidogo ya kinu, mkabala na nyumba ya Bettiri. Novemba ilipofika, kijiji kizima kilikuwa kimekuwepo tangu zamani na hakuna aliyetoka popote.

Na kwa kuwa vijiji vingine vilidai kuona mchezo unaoisha, ukumbini wakakutana kupanga pastorala mpya.

"Binti yangu atakuwa mkubwa wa Wekundu," alisema Bwana wa Etxegapare. "Ni haki yetu. Sisi ndio tuliokuwa hapa na jibini."

"Jibini lenu? Jibini la kwetu!" alisema Bibi wa Jaurgain. "Bettiri ni ndugu yetu wa damu, muulize! Si ndiyo, ndugu yangu?"

Bettiri alikuwa anapima ukumbi. "Umeongezeka," alisema, akiangalia kamba. "Februari ulikuwa mdogo."

"Haya, Engrazi," alisema Bwana wa Barnetx, mtamu kama asali, "sema mwenyewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyecheza. Ule uenyeji utauachia nyumba ipi?"

Watu wote wakamgeukia. Zamani angeangalia viatu vyake. Aliviangalia kidogo, kwa mazoea.

"Chukueni wote," alisema. "Gawaneni. Mimi sina babu na simtafuti. Nataka kifimbo tu."

"Kifimbo kipi?"

"Cha Shetani. Safari hii. Kwa kibendera, siyo kwa bahati."

Bibi wa Jaurgain akavuta pumzi. Ndugu wa damu ni kitu kimoja, Shetani ni kingine. "Lakini mwanangu," alisema, "si unajua tena. Shetani lazima atoke nyumba ya heshima."

Mzee Allande alikuwa amekaa pembeni, anashona soli. Akakata uzi kwa meno.

"Ni kweli kabisa, mama," alisema. "Na nyie wote watatu, ambao ni watu wa heshima, si mmetuambia hapa mmetoka bondeni? Au nimesikia vibaya? Semeni, niandike. Kama bondeni si heshima, mababu zenu nawarudisha safinani leo hii."

Ilikuwa zamu ya nyumba tatu kuangalia viatu. Miguu ya Bibi wa Jaurgain, kama ilivyojulikana, ilitoa vya kutosha kuangalia.

Mzee Allande akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kifimbo, utepe mpya mwekundu kichwani. Kilikuwa ndani ya koti lile tangu siku ya mchezo. Alimpa Engrazi kama mtu anayegawa viazi.

Wakarudi nyumbani baba na binti, kwa njia ya kinu. Darajani Bettiri alisimama.

"Ule ubao wa tatu wa jukwaa," alisema. "Nitaubadilisha. Unalia."

"Uache, baba," alisema Engrazi. "Naujua."